Mwanzo wa Kitabu Uko Chemba Namba Moja

Nilisikia karatasi ikichanwa kabla sijamwona mtu yeyote. Ilikuwa asubuhi yangu ya kwanza kazini, kwenye yadi ya mabomba Makambako, na ukungu ulikuwa umelala chini kiasi kwamba sikuyaona hata mabuti yangu. Sauti ilitokea nyuma ya rundo la mabomba: kraa, kimya, kraa. Haikuwa sauti ya hasira. Ilikuwa ya mtu anayepasua shuka taratibu, anayejua anataka mpasuko uishie wapi.

Niliifuata nikamkuta mwanamume mfupi mwenye kofia ya sufi, ameketi juu ya bomba, kitabu kimelala mapajani, kisu cha kukatia gasketi mkononi. Alikuwa anakigawa kitabu kwenye uti wake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Kamwene, karibu. Wewe ndiye fundi mpya?"

"Ndiye mimi. Naitwa Tumaini."

"Unasoma?"

Niliudhika. Nilikuwa nimetoka chuoni na cheti kilikuwa kwenye begi. "Nimesoma, mzee."

"Sijauliza kama umesoma shule. Nauliza kama unasoma."

Huyo ndiye Fundi Mgaya, aliyenifundisha kazi. Nilimuuliza kwa nini anaharibu kitabu cha watu. Akanitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini anamenya kiazi. "Siharibu," akasema. "Napanga mzigo."

Ninyi mafundi mnaobaki kazini mliniomba, sasa ninapostaafu, niandike machache kuhusu kazi ya bomba kabla sijasahau. Labda mlitaka habari za vyeo. Vyeo vyangu viko kwenye jalada kule Njombe, vimekaa kimya kama vilivyokaa siku zote. Mimi nitaandika jinsi nilivyosoma vitabu nikiwa njiani, na jinsi nilivyomnyima mtu mmoja mwanzo wa hadithi kwa miaka kumi na sita.

Bomba ninalolizungumzia mnalijua. Linaanzia milimani, karibu na nyanda za Kitulo, linateremka hadi vijiji vya upande wa Tandala. Mara moja kwa mwaka tulilipanda kwa miguu, kutoka chini kwenda juu, chemba baada ya chemba. Kwa asiyejua, chemba ni kisanduku cha zege chenye mfuniko na kufuli, na ndani yake mna valvu ya kufungia na kufungulia maji. Ziko sita. Namba moja iko kijijini, namba sita iko chanzoni. Kila moja ilitaka siku mbili au tatu za kufungua, kusugua kutu, kupaka rangi, kuzungushia katani na kufunga tena. Tukifika juu, gari lilitufuata kwa barabara ya mlimani. Hatukurudi chini kwa miguu hata siku moja. Tukimaliza bomba hilo kulikuwa na jingine, na jingine. Nyumba yangu Njombe niliiona miezi minne kwa mwaka, na mingi ya miezi hiyo ilikuwa ya mvua.

Nilikuwa msomaji tangu utotoni. Nilidhani hilo ni kama rangi ya macho, halitoki. Katika safari yangu ya kwanza nilibeba kitabu kizima, kinene, nimekifunga kwenye mfuko wa plastiki. Nilikibeba siku ishirini na sita bila kukifungua. Jioni mikono iliuma, mgongo uliuma, na mara nilipolala chali ili nisome, nililala kweli. Niliporudi Njombe nilikaa mbele ya rafu yangu na kuona aibu, kama mtu aliyekutana na rafiki ambaye hakumjibu barua.

Safari iliyofuata nilimweleza Fundi Mgaya. Akacheka, akanionyesha alichokuwa anafanya kila jioni na mimi nilikuwa nimekiona bila kukiona. Akifika kambini alivua buti moja tu, la kushoto. La kulia alibaki nalo mguuni, amelifunga kamba vizuri, akafungua kipande chake cha kitabu akasoma. Mpaka amalize kurasa zake kumi ndipo alilivua.

"Mtu hawezi kulala na buti moja," alinieleza. "Wala hawezi kutembea. Anabaki hapo hapo, katikati. Hapo ndipo pa kusomea."

Nilijaribu jioni iyo hiyo. Wenzetu walitucheka, mafundi wawili wamekaa kwenye gogo kama kuku walioinua mguu mmoja kwa baridi. Lakini nilisoma kurasa kumi. Kesho yake kumi nyingine. Tangu siku hiyo sijapitisha mwezi bila kumaliza kitabu, na mguu wangu wa kulia ndio unaojua zaidi fasihi.

Kuhusu kuchana alikuwa na hesabu yake. "Kilo moja ukiwa Makambako ni kilo moja," alisema. "Ukiifikisha Kitulo imekuwa mtoto wa miaka miwili, na analia." Kwa hiyo kitabu kiligawanywa vipande sita, kimoja kwa kila chemba. Kipande cha kwanza ulikisoma kijijini. Ukihama kwenda juu ulikifunga kwenye plastiki, ukakiacha chemba namba moja, sehemu kavu, juu ya valvu. Cha pili namba mbili. Hivyo mpaka chanzoni, ambako ulisoma mwisho na maji yakizaliwa miguuni pako. Nyuma yako hadithi ilibaki imelala mlimani, kipande kwa kipande, ikimsubiri yeyote mwenye ufunguo.

Na hapo ndipo palikuwa na sheria yake moja aliyoisema bila tabasamu: kipande ulichokwisha kukisoma si chako tena.

Mwaka wangu wa kumi na mbili, ambao ulikuwa wa mwisho kwa Fundi Mgaya, nilinunua kitabu Makambako kwenye rundo la vitabu vikuukuu jirani na stendi. Hakikuwa na jalada. Jina lilikuwa kwenye ukurasa wa kwanza tu, na mimi, kwa uvivu wa kawaida, sikulitia maanani. Ilikuwa hadithi ya mpiga picha wa mitaani na mwanamke aliyeshona magunia. Nilikichana, nikasoma kipande cha kwanza kijijini kwa jioni mbili, nikakifurahia.

Asubuhi iliyofuata tulikuwa chemba namba moja, mimi na Zakaria, kijana wa rika langu aliyekuwa na nguvu za watu watatu na subira ya nusu mtu. Fundi Mgaya alikuwa ametangulia kwenye tangi la kijiji. Tulifungua flanji, pale bomba na valvu zinapobanwa kwa bolti, na gasketi, ule mpira wa kuziba katikati, ikatoka vipande vipande. Nilitafuta ya akiba. Ilikuwa imebaki yadi, Makambako. Kina mama walikuwa wamekwisha kupanga ndoo tangu alfajiri.

"Fundi," mmoja akaita, "maji yanarudi leo, au tuhamishie jiko hapa hapa?"

Mikono ilijua la kufanya kabla yangu. Pale tangi liko hatua chache juu, mgandamizo wa maji ni mdogo. Karatasi nene iliyoloweshwa rangi ya mafuta inaweza kushika. Nilitazama huku na huku, na karatasi pekee ilikuwa mfukoni mwangu, imefungwa vizuri kwenye plastiki, tayari kuwekwa juu ya valvu.

"Dada Tumaini," Zakaria akasema aliponiona nachora duara, "hiyo si inasomwa?"

"Nimeshaisoma."

Nimelikumbuka neno hilo mara nyingi. Nilikata duara kumi na tano, nikazipaka rangi, nikazibana na bolti nne. Kurasa zilizobaki Zakaria alifutia mikono. Maji yakapita, hayakuvuja hata tone. Nilisema ni kwa wiki moja tu, mpaka mpira uletwe.

Jioni Fundi Mgaya akaniuliza, "Umeacha kipande?"

"Nimekiacha chemba namba moja, mzee."

Na sikusema uongo.

Tulipanda. Nilisoma, nikaacha, nikasoma, nikaacha. Chanzoni, wakati Fundi Mgaya akiaga mlima aliokuwa ameupanda nusu ya maisha yake, nilimkabidhi kipande cha sita mlinzi mpya. Alikuwa Mkinga, mkulima wa viazi na pareto kutoka kijiji cha ng'ambo ya kilima, anaitwa Baba Tulizo. Kazi yake ilikuwa kulinda chanzo dhidi ya ng'ombe, majani na watu wenye mipira ya kuchepusha maji, na kukagua bomba kuteremka hadi chemba namba mbili. Kuanzia hapo kwenda chini ni mali ya kamati ya kijiji, na ufunguo ni wao. Alikipokea kile kipande kwa mikono miwili.

Mwaka uliofuata nilimkuta ananisubiri njiani, kwenye chemba namba mbili, mwisho wa eneo lake.

"Kamwene, fundi. Yule mwanamke amekosea kuondoka na kamera."

Ilinichukua muda kuelewa anasema nini. "Baba, umesoma?"

"Vyote. Namba sita, nikashuka namba tano, nikashuka nne. Msimu wote wa baridi."

"Yaani umeanza mwishoni?"

"Mimi naishi mwishoni. Ulitaka nianzie wapi?" Akahesabu kwa vidole. "Najua anaondoka na kamera. Nikashuka, nikajua kwa nini. Nikashuka tena, nikajua kumbe mama mkwe ndiye aliyezificha zile picha. Kila nikishuka wanakuwa wadogo, wanapendana zaidi. Namba mbili wameshazoeana, wanataniana. Sasa nataka kujua walikutana wapi. Nimemtuma mtu wa kamati afungue namba moja, anasema hamna kitu. Kipande kipo?"

Jamani. Niliweza kusema kimepotea. Panya wapo, unyevu upo, wezi wa plastiki wapo. Lakini alikuwa amesimama pale na macho ya mtu aliyeteremka hadithi nzima kwa miguu akabakiza ngazi moja. Nikamweleza yote: mpira, ndoo, duara, bolti.

"Kwa hiyo nalinda maji yanayopita katikati ya kitabu changu," akasema.

"Nisamehe, Baba. Nitakusimulia mimi. Naukumbuka mwanzo."

Akaziba masikio, mtu mzima yule, kwa vidole viwili. "Usiniambie! Ukisimulia itakuwa yako. Mimi nataka iliyoandikwa."

Mwanzoni nilidhani ni ukaidi. Baadaye, nikiwa peke yangu, nilijaribu kujisimulia. Walikutana sokoni, au kituo cha reli? Mwanamke alikuwa anashona au alikuwa anapanga magunia kwenye foleni? Nilikuwa nimesoma nikiwa nimechoka, na uchovu ulikuwa umekula pembezoni mwa kila kitu. Ningempa mwanzo wa uongo na kuapa kwamba ni wa kweli. Tangu hapo niliongeza kitu kwenye utaratibu wa buti moja: nikimaliza kurasa kumi, nafunga macho na kujiuliza nani ameingia na nani ametoka. Kama sijui, buti la kulia linabaki mguuni na kurasa zinarudiwa. Hilo ndilo ningependa mlichukue kwangu, hata mkiacha mengine yote.

Miaka ikapita. Fundi Mgaya alikuwa amestaafu na kuniachia kisu chake. Fundi yeyote atawaambia kwamba kiungo kisichovuja hakifunguliwi, na kile hakikuvuja. Nilikikagua kila mwaka nikitamani kivuje. Nilitafuta nakala nyingine, lakini utamuuliza vipi muuza vitabu kitabu usichojua jina lake? Niliuliza Makambako, nikauliza Njombe, nikauliza mtu aliyekuwa anakwenda Iringa. Nikasema kina mpiga picha na magunia. Nikaletewa kitabu cha kilimo cha korosho.

Baba Tulizo aliendelea kusoma vingine tulivyoacha, kuanzia mwisho kwenda mwanzo, na alisema hajui tena kusoma kwa njia nyingine. "Ninyi mnasoma kwa wasiwasi," alinitania. "Mimi wakigombana natulia, maana najua watapatana, au nimeshawalilia." Lakini kila mwaka, tukifika tu, kabla ya chai, swali lilikuwa lile lile.

"Mwanzo?"

"Bado, Baba."

Akaitikia kwa kichwa na kumimina chai.

Baadaye Zakaria akaja na simu yenye vitabu mia mbili ndani. Sikumcheka. Mimi mwenyewe nasoma kwenye simu nikisubiri daktari wa meno. Ila baridi ya Kitulo mnaijua. Siku ya tatu simu ikazimika, na vitabu mia mbili vikazimika na wote waliomo. Jioni akaja gogoni, amevua buti la kushoto. Nikamkatia kipande.

Mwaka jana bomba la kijijini lilibadilishwa kutoka inchi mbili kwenda inchi tatu. Niliwaomba mniachie nifungue flanji ya namba moja kwa mkono wangu, mkadhani ni mambo ya wazee. Bolti zilitoka zikilia kwa kutu. Katikati, badala ya uji wa karatasi niliouogopa, ilikaa pete nyekundu, ngumu kama gome. Rangi ilikuwa imeihifadhi. Niliitenganisha kwa kisu cha Mgaya, tabaka kwa tabaka, mpaka ile ya juu kabisa. Ulikuwa ukurasa wa kwanza. Tundu la maji lilikuwa limemeza sehemu kubwa, lakini kwenye ukingo wa juu, kwa herufi kubwa, ilisomeka nusu ya jina la kitabu.

Niliipeleka Makambako kwa mama mmoja anayeuza vitabu chini ya turubai. Akaipokea kwa ncha za vidole, akainusa.

"Mama, umekuja kununua kitabu au kunionyesha takataka?"

"Soma hapo."

Akasoma. Akaiinua kwenye mwanga, akasoma tena, akamalizia nusu iliyokuwa imekosekana kama anayeita mtoto wake ndani. Nikamwagiza anitafutie. Alihitaji miezi kadhaa kukipata. Kilikuja kwa basi, kimefungwa kwa gazeti, kizima, chenye jalada.

Sikukisoma. Niliona si zamu yangu.

Mwezi uliopita tulipanda kwa mara yangu ya mwisho. Mtakumbuka nilikaa peke yangu chemba namba moja nikakata kitu kwa kisu, na mmoja wenu akaniuliza nafanya nini nikajibu, "Napanga mzigo." Mtakumbuka pia gari lilipokuja kutuchukua juu niliwaambia mtangulie, na mimi nikarudi Njombe siku tatu baadaye na lori la viazi, magoti yananiuma na uso umejaa furaha ambayo sikuieleza. Sasa naieleza.

Ilikuwa kesho yake baada ya ninyi kuondoka, kibandani kwa mlinzi chanzoni; kulikuwa kumepambazuka, ukungu bado uko mlangoni. Baba Tulizo alikuwa anachochea moto. Nywele zake zimekuwa nyeupe, miwani ameifunga kwa kamba shingoni.

"Jana kulikuwa na watu wengi, sikuuliza," akasema. "Mwanzo?"

"Upo."

Kijiti kikabaki hewani. "Upo wapi?"

"Chemba namba moja."

"Tumaini."

"Baba."

"Umetembea na kitabu changu kutoka Makambako, ukakiacha chini, ukapanda mlima wote huu kuja kuniambia kiko chini?"

"Kila kipande na chemba yake. Wewe mwenyewe umekuwa ukishuka kukisoma. Imebaki ngazi moja." Nikaweka ufunguo wa kamati mezani. Nilikuwa nimeuomba na kupewa.

Aliutazama asiuguse. "Ni mwendo wa siku nzima. Na chanzo nakiacha na nani?"

"Na mimi. Mstaafu hana pa kuwahi."

"Ng'ombe wakija?"

"Nitawafukuza."

"Majani yakiziba chujio?"

"Baba, chujio hilo nililifunga mimi."

"Kwa mpira au kwa hadithi?"

Tukacheka mpaka birika likafurika. Kisha akaniambia kitu ambacho kwa miaka yote hiyo sikuwahi kukifikiria. Hakuwahi kuona maji yanakoishia. Kijiji chake kiko ng'ambo, kina kisima chake. Alikuwa ameyalinda, ameyachuja, ameyapeleka, na hajawahi kuona koki moja ikifunguliwa.

"Zina rangi gani?" akauliza.

"Za bluu. Ya karibu na shule inavuja kidogo."

"Nitaiangalia."

Alivaa sweta juu ya sweta, akavaa koti, akafunga mabuti yote mawili kwa uangalifu, kamba kwa kamba. Akaweka viazi viwili vya moto mfukoni. Mimi nikaketi kwenye kigoda chake, nikavua buti la kushoto, nikanyosha mkono kwenye rafu yake na kuchukua kile kipande cha sita cha zamani, kilichopauka, kilicholala juu ya vile vingine vinne. Nilitaka kujaribu njia yake, kuanzia kwenye kamera na kuteremka.

Akiwa mlangoni aligeuka akautazama mguu wangu mmoja wenye buti.

"Usisome haraka," akasema. "Ukifika namba mbili unisubiri. Tutaingia pamoja."

"Nenda, Baba. Wanakusubiri wakutane."

Akautia ufunguo mfukoni, akainama chini ya boriti, akatoka ukunguni, na kuuvuta mlango wa bati nyuma yake mpaka komeo likalia.